Shahidi Asiyepinga

Ipo nchi iitwayo Turabu, na anayedai haipo hajawahi kupokea barua kutoka huko. Mwalimu Mdoe aliipokea. Ilimfikia nyumbani kwake Mbweleni siku ya Jumanne, ina mihuri mitatu, na maneno yake hayakuzidi mistari miwili: "Marehemu mwanao, Mbaruku Mdoe, anahitajika kutoa ushahidi. Fika bila kukosa."

Hivyo ndivyo yeye na mkewe walivyojua kwamba mtoto wao amekufa.

Mbaruku alivuka mpaka miaka thelathini na moja iliyopita, siku zile Turabu ilipokuwa vitani na vijana wa ng'ambo hii walipokuwa wakitamani magwanda. Hakuandika wala hakurudi. Watu walimshauri Bi Mwanakheri, mama yake, aweke matanga yaishe. Akakataa katakata. Alisema hawezi kumlilia mtu bila kujua kama amekufa, na hata akijua, hawezi kumlilia mpaka ajue amekufaje, maana atalia kitu gani? Mikeka ya matanga aliinunua yote, akaikunja, akaiweka darini, na ikakaa huko mpaka panya wakaizoea.

Mumewe alipomsomea ile barua, hakulia. Aliikunja mara nne akamrudishia.

"Nenda, Baba Mbaruku," alisema. "Kaburi ukiliona, vizuri. Usipoliona, basi. Lakini niletee alivyokufa."

Akaenda.

Jambo la kwanza lililomshangaza alipofika Turabu lilikuwa salamu. Huko hawaulizani habari. Mtu akikutana na mwenzake humuuliza, "Ulikuwa wapi wakati wa vita?" na mwenzake hujibu, "Mstari wa mbele." Basi, wameshasalimiana. Muuza vitunguu alijibu hivyo. Kinyozi alijibu hivyo. Kijana aliyembebea mzigo, ambaye kwa hesabu ya haraka ya Mwalimu alizaliwa miaka sita baada ya vita kwisha, alijibu hivyo na kifua akakitunisha. Mwalimu Mdoe alikuwa amefundisha hesabu miaka arobaini, na hesabu isiyotoka ilimwasha mwilini. Kwa majibu aliyoyasikia siku ile moja, nchi nzima ilikuwa mstari wa mbele, na nyuma hapakuwa na mtu hata wa kupika.

Jambo la pili lilikuwa sheria. Vita vilipokwisha, waheshimiwa wa Turabu waliamua kwamba hakuna atakayegombea cheo chochote, kuanzia urais hadi usimamizi wa soko, bila kuthibitisha kwamba alipigana. Sheria nzuri ukiisikia. Taabu ilikuwa mashahidi. Wale waliopigana kweli walianza kusema waliyoyaona, na katika waliyoyaona waheshimiwa hawakuwamo. Bunge likakaa siku tisa, likagundua kwamba mtu aliye hai haaminiki: ana njaa, ana wivu, ana shemeji anayetafuta kazi. Marehemu hana hata kimoja. Tangu hapo ushahidi wa vita Turabu hutolewa na wafu peke yao.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kiti kitupu huwekwa mbele ya Bunge, na juu yake kofia ya askari. Mgombea husimulia jinsi marehemu alivyofia mikononi mwake. Kisha karani hukigeukia kiti na kukiuliza mara tatu, "Marehemu, una pingamizi?" Kiti kikinyamaza, karani huandika: Shahidi ameafiki. Mpaka siku Mwalimu Mdoe anafika, hakuna kiti kilichopata kupinga, na Turabu walijivunia jambo hilo sana. Walisema ni ushahidi safi kuliko wa nchi zote.

Ila wafu walikuwa wamechakaa. Koplo mmoja, Mzuanda, alikuwa ameshafia mikononi mwa wanaume kumi na mmoja, katika wilaya sita, wiki ileile. Watu walianza kuchekacheka akitajwa. Wagombea wakubwa wakawa wanatafuta marehemu wasiojulikana, na kwa bahati mbaya yao wote wawili, wagombea wa urais mwaka ule walimpata mmoja.

Haya yote Mwalimu alielezwa na Msajili wa Marehemu, Bi Lumuli, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni.

"Hongera, Mwalimu," alimwambia, akimvutia kiti.

"Hongera ya nini, mama?"

"Mwanao ni mpya. Hajatumika hata mara moja."

Mwalimu alimtazama kuona kama anamfanyia mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Akasema alichojia. "Mimi nataka kujua amekufaje."

"Ndiyo maana kuna fomu mbili," alisema Bi Lumuli. "Uchague."

Akazitandaza mezani. Kwa kuwa Mbaruku alikuwa mtu wa nje, sheria ilitaka jamaa yake aridhie kwa sahihi. Fomu ya bluu ilikuwa ya Mheshimiwa Shaweji. Ilisema kwamba Mbaruku Mdoe alivuka Daraja la Nyengo mbio, kifua mbele, akiimba, bendera mkononi, akapigwa risasi na kufia mikononi mwa Shaweji akilitaja jina la Turabu. Fomu ya njano ilikuwa ya Mheshimiwa Malogo. Hiyo ilisema Mbaruku alikufa Kilima cha Mawe, siku ileile, kwa kuipokea risasi iliyokuwa inamwendea Malogo, naye alitaja jina la Turabu, tena mara mbili.

Mwalimu aliirudia ile ya bluu. Mkono wake ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta kalamu nyekundu. Mbaruku wake alikuwa haogopi nyoka, haogopi giza, haogopi hata viboko vya baba yake. Aliogopa daraja. Alipokuwa na miaka mitano aliteleza kwenye gogo la kuvukia kijito pale kwao, na tangu siku hiyo, daraja lolote, la mti au la zege, alilivuka kwa kutambaa, magoti na viganja, macho kayafumba. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Alikuwa na miaka ishirini, ana ndevu, na bado anatambaa.

"Kati ya hawa wawili, nani alikuwapo?" aliuliza.

"Hilo si la ofisi hii, Mwalimu."

"Nikisaini?"

"Unapewa kibali cha kuingia Hifadhi ya Mikwajuni. Kaburi limo humo, namba yake ninayo hapa. Ukitaka kumchukua mwanao, tutakupa na gari."

"Nisiposaini?"

"Basi hatuna kaburi," alisema Bi Lumuli kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi Mwalimu kuliko kitu chochote alichokutana nacho katika nchi ile.

Alitoka na fomu zote mbili kwapani. Penye lango la Bunge palikuwa na banda la chai na chapati, na ndani yake mzee mmoja mnene anageuza chapati kwa vidole. Mwalimu alikuwa ameshazoea adabu za huko. Akasema, "Ulikuwa wapi wakati wa vita?"

"Jikoni," alijibu yule mzee. "Shikamoo."

Mwalimu alikaa kwenye benchi papo hapo. Hakuwa na njaa. Alitaka tu kukaa karibu na mtu aliyejibu vile.

Mzee yule aliitwa Chande, na alikuwa mpishi wa kambi ya Mikwajuni miaka yote ya vita. Mwalimu alipomtajia jina la mwanawe, Chande aliiacha chapati ikaungua upande mmoja.

"Mbaruku? Yule wa kutambaa darajani?"

Hapo ndipo Mwalimu Mdoe alipolia. Hakulia nyumbani barua ilipofika, hakulia kwa Msajili. Alilia kwenye benchi la chapati, na Chande akamwacha alie, akawafukuza wateja wawili kwa mwiko.

"Alikufaje?" Mwalimu aliuliza alipoweza.

"Mzee wangu, nikwambie kweli?"

"Nimekuja kwa hilo tu."

"Alihara. Kuhara damu. Kambi nzima ilihara. Vita hapakuwa na vita, miezi minne hatukusikia hata bunduki moja, maana na wale wa upande wa pili walikuwa wanahara vilevile. Tuliwazika kumi na wanane. Mwanao alikaa siku sita. Siku ya mwisho nilimpelekea uji, akaonja, akaniuliza, 'Chande, sukari huna?' Nikamwambia sukari imekwisha, kesho. Akasema haya, kesho. Alikunywa nusu, akalala, hakuamka. Nilimzika nyuma ya jiko, nikamchomekea mwiko uwe alama."

"Alitaja jina la Turabu?"

"Alitaja sukari, mzee."

"Na hawa waheshimiwa?"

"Shaweji alikuwa anagawa mablanketi mjini, safari ya siku tatu kutoka kwetu. Malogo hakuwapo nchini. Alikuwa ng'ambo huko anasomea kilimo cha maua."

"Na wewe umenyamaza?"

Chande alicheka bila furaha. "Nani kanyamaza? Nilikwenda pale bungeni nikasema. Wakaniuliza, 'U hai?' Nikasema ndiyo, kama mnavyoniona. Wakasema basi ushahidi wangu haupokeleki, nikafe kwanza."

Kesho yake Bunge lilijaa. Mwalimu alikalishwa mbele, pembeni ya kile kiti, hata angeweza kunyoosha mkono akaigusa ile kofia. Ilikuwa kofia ndogo mno. Mbaruku alikuwa na kichwa kikubwa, mama yake alikuwa akimtania kwacho.

Shaweji alisimama wa kwanza, akasimulia daraja. Alisimulia vizuri, lazima isemwe. Sauti yake ilitetemeka pale palipopaswa kutetemeka. Karani akauliza kiti mara tatu. Katika mara ya pili mtu mmoja nyuma alikohoa, Bunge zima likageuka kwa hofu, na Spika akatoa uamuzi kwamba kikohozi si pingamizi. Shahidi ameafiki. Akasimama Malogo, akasimulia kilima, akajipiga kifua mahali ambapo risasi ingempata. Kiti kikaulizwa mara tatu. Shahidi ameafiki.

Basi marehemu alikuwa amekubali kufa mara mbili, na hapo ndipo rabsha ilipoanza.

"Mheshimiwa Spika, taarifa!" alipaza sauti mjumbe wa upande wa Malogo. "Wakati wa vita Mheshimiwa Shaweji alikuwa anagawa mablanketi!"

"Na huyo wenu alikuwa anamwagilia maua ya Wazungu!" akajibiwa.

"Aaa! Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika!"

Spika aligonga meza. "Wote wawili futeni kauli. Kanuni za Bunge hili haziruhusu kumtuhumu mjumbe kwa jambo la kweli."

Wakafuta. Kisha wakajadili kwa saa tatu kama risasi ya darajani ndiyo iliyofika kilimani, na mjumbe mmoja aliyekuwa fundi wa ramani alithibitisha kwa chaki kwamba yawezekana, kama kulikuwa na upepo. Mwalimu alisikiliza yote. Wakati ule wote hakuna aliyeuliza kijana yule alikuwa nani, alitoka wapi, alipenda nini. Walimtaka afe tu.

Mwishowe Spika alimgeukia. "Baba wa shahidi, sheria inakupa wewe neno la mwisho. Saini moja. Taifa linakusubiri."

Bi Lumuli alimsogezea fomu zote mbili, na juu yake kibali cha Mikwajuni, kimeshapigwa muhuri, namba ya kaburi imeandikwa kwa mwandiko safi: kumi na saba. Mwalimu aliitazama namba ile. Alijiona nyuma ya lile jiko na jembe mkononi. Alijiona anamrudisha mtoto kwa mama yake. Sahihi moja tu, ya mzee asiyejulikana, katika nchi isiyo yake. Ingemdhuru nani?

Aliishika kalamu. Ilikuwa ile yake nyekundu. Akaandika kwenye ya bluu: Si kweli. Akaandika kwenye ya njano: Si kweli. Halafu akasimama.

"Ninapinga," alisema. "Mwanangu hakufa darajani, alikuwa anaogopa madaraja. Hakufa kilimani. Alikufa kitandani kwa kuhara, alikuwa mgonjwa siku sita, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuwapo. Mwacheni."

Spika hakukasirika. Walinong'ona na karani, wakafungua kitabu kinene, na baada ya muda alisoma uamuzi kwa sauti ileile ya kutangaza mapumziko ya chai.

Kifungu cha Saba cha Sheria ya Heshima kilisema kwamba hakuna askari wa Turabu aliyekufa kwa maradhi. Baba wa Mbaruku Mdoe amekana kwamba mwanawe alikufa vitani. Kwa hiyo Mbaruku Mdoe hakufa. Askari ambaye hakufa, na kambini hayupo, ni mtoro. Bunge lilitoa hati ya kumkamata, na kwa kuwa makao yake hayajulikani, hati akabidhiwe baba yake amfikishie. Kibali cha Mikwajuni kikachanwa. Shaweji na Malogo wakapeana mikono, wakakubaliana kwamba marehemu mtoro hawafai, na wote wawili wakamrudia Koplo Mzuanda, ambaye jioni ile alikufa mara ya kumi na mbili na ya kumi na tatu, bila pingamizi.

Mwalimu alipopita langoni banda la chapati lilikuwa limefungwa kwa mnyororo mpya, ukiwa na muhuri wa serikali. Chande alikuwa amesimama kando, mwiko mkononi.

"Nimekuponza," Mwalimu alisema.

"Wewe mwambie mama yake," alijibu Chande. "Mwambie nilisema kesho kwa sababu nilidhani kuna kesho. Sikumdanganya."

Mbweleni walishajua kwamba anarudi. Ukumbi wa nyumba ulijaa majirani, na wengine walikaa barazani. Wanawake walikuwa na kanga mpya. Mikeka ilikuwa imeshushwa kutoka darini, ila Bi Mwanakheri hakuruhusu itandikwe. Ilisimama imeegemezwa ukutani, na yeye amekaa mbele yake kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Pole na safari, Mwalimu," walisema. "Haya, tuambie."

Mwalimu Mdoe alizitazama nyuso zile. Wengi wao aliwafundisha kujumlisha na kutoa. Hati ya kukamata ilikuwa mfukoni, na neno mtoro lilimchoma kupitia kitambaa. Alifikiria atakavyolitamka neno kuhara mbele ya watoto wa watu, siku ambayo mkewe ameisubiri miaka thelathini na moja. Akafungua kinywa, na kilichotoka kilimshtua yeye mwenyewe.

"Kulikuwa na daraja," alisema. "Daraja la Nyengo. Alikuwa na bendera..."

Aliendelea. Sauti yake ilitetemeka pale palipopaswa kutetemeka. Alivuka mbio, alisema, kifua mbele, na alikuwa akiimba. Wanawake walijifuta macho kwa pembe za kanga. Wazee walitikisa vichwa kwa fahari, jamani, mtoto wa Mbweleni. Alipomaliza aliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyesema kitu. Akajisikia vibaya kama mtu aliyekula chakula cha mgonjwa.

"Mimi napinga," alisema Bi Mwanakheri.

Watu waligeuka.

"Mwanangu havuki daraja mbio," alisema. Hakupaza sauti. "Mwanangu anatambaa. Na wewe unajua, Baba Mbaruku, wewe ndiye uliyekuwa unamfulia suruali magotini. Sasa nakuuliza mbele ya watu hawa, uniambie usoni. Alikufaje?"

Mwalimu alikaa chini sakafuni, hapo hapo alipokuwa amesimama. Akaitoa ile hati akaiweka mbele yake, akawaambia yote: fomu, kiti, kofia ndogo, Kifungu cha Saba, kaburi namba kumi na saba ambalo hakuliona. Aliwaambia kuhara, siku sita. Aliwaambia juu ya Chande. Mwenyekiti wa mtaa alikohoa kwa aibu, na kijana mmoja aliondoka.

Bi Mwanakheri alisikiliza kama anayehesabu.

"Siku ya mwisho alikula?"

"Uji. Nusu."

"Uji ulikuwa na sukari?"

"Haukuwa nayo. Aliiomba, haikuwapo. Yule mpishi alimwambia kesho."

"Naye akasemaje?"

"Akasema haya, kesho."

Mama alifumba macho. Midomo yake ilitembea bila sauti, ikiyarudia maneno yale mawili. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi, ya kwanza tangu barua ifike.

"Huyo ndiye wangu," alisema. Akageuka ukutani, akausukuma mkeka wa kwanza ukaanguka sakafuni na vumbi lake. "Tandikeni."